Bolti ya Nane

Bodi ya nyuma iliondoka kipande kwa kipande,
kama mgeni asiyejua kuaga.
Chumvi ya barabarani iliianza kazi,
mbolea ya baba ikaimaliza.
Mwezi wa nne nilipakia mfuko mmoja wa mbegu
nikauona ukizama sakafuni, taratibu,
ukaketi juu ya ekseli
ukinitazama.

Pikapu ya mwaka hamsini na sita, fupi, ya nusu tani.
Injini bado inakoroma kwa afya.
Kabini haina kovu
ila pale baba alipogonga nguzo, mwaka sabini na nne,
akamwambia mama ni ng'ombe.

"Tafuta bodi nyingine," kaka Verlyn alisema kwa simu kutoka Fargo,
kwa sauti ya mtu anayemwambia mjane
aolewe tena.

Basi nikawa mshenga.
Futi ya chuma mfukoni,
vipimo kwenye bahasha ya benki.

Kule Mayville nilionyeshwa moja nyekundu, haina doa.
Ndefu. Inchi kumi na nane za ziada
zingeburuta nyuma yetu kama kanzu ya kuazima.
Kule Grand Forks kijana aliapa zote mamoja,
hamsini na sita, hamsini na nane, chuma ni chuma.
Nikalala chali kwenye theluji inayoyeyuka, nikapima.
Chuma si chuma, kijana.
Tao la gurudumu lilikaa vidole vinne mbele;
tairi lingeng'ata ukingo kila kona.
Ya tatu ilikuwa na kuku ndani.
Sikupima. Walikuwa wameshahamia.

Msimu wa viazisukari ukafika.
Nilikuwa nyuma ya malori yanayodondosha tope
nilipoliona tela la kuni
mbele ya banda la Ardell Skjonsby,
na juu ya magurudumu yake mawili,
jamani,
zile mbavu,
kile kikanyagio kifupi mbele ya tairi,
mbao za msonobari sakafuni.
Mtu aliikata pikapu shingo
akakitumikisha kiwiliwili.

Ardell akatoka na kikombe cha kahawa.
Hakunikaribisha, hakunifukuza.
"Haiuzwi."
"Naweza kupima?"
"Kupima ni bure."

Nilipima. Sabini na nane.
Nikapima tena, nikaandika kiganjani
kwa sababu bahasha ilikuwa inatetemeka.

"Gari la nani?"
"La Delmer Haugtvedt. Mimi ni binti yake."

Akaimwaga kahawa yote majanini.
"Delmer aliliangusha sanduku langu la barua.
Mwaka sabini na nne.
Hakusimama.
Asubuhi yake mama yako akaja na nguzo mpya begani,
akachimba mwenyewe, akashindilia udongo kwa kisigino,
akaondoka. Hakutaka hata maji."

Mama.
Mama aliyecheka hadithi ya ng'ombe
kila Krismasi, miaka arobaini,
akampitishia baba viazi.

"Dola mia tatu," Ardell akasema,
"na nguzo. Ile sasa imeoza."

Nilichimba Jumamosi. Ardhi ilikuwa imeanza kukaza,
kisigino changu si kama chake.
Jumapili Verlyn akaja, tukaining'iniza bodi kwa mnyororo,
tukaishusha juu ya chasisi,
pumzi kwa pumzi, yeye kushoto, mimi kulia.

Bolti saba zikaingia zenyewe.
Ya nane ikakataa: tundu limekwenda kando
kiasi cha unene wa penseli.
"Lete drili," Verlyn akasema.
Nikamwambia iache.

Kabini ni buluu, nyuma ni kijani.
Watu wa dukani wananiuliza nitapaka lini.
Bolti ya nane iko kwenye kisahani cha majivu cha baba,
na kila nikipunguza mwendo mbele ya nguzo ile
inagonga kidogo,
kama mtu anayetaka kusema jambo
mezani, kisha anaomba chumvi.